Malori ishirini ya mahindi

Mwaka wa kwanza nilipopewa kazi ya kukadiria wastani wa mavuno ya mahindi huko Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, nilikuwa na kanuni moja kichwani na niliiamini kupita kiasi. Kanuni yenyewe ni fupi. Unachukua namba ya kiwango cha uhakika, unazidisha kwa mtawanyiko wa mashamba (yaani yanaachana kiasi gani na wastani wao), unagawanya kwa kosa unaloweza kulivumilia, kisha jibu unalizidisha kwa lenyewe. Unachopata ndiyo idadi ya mashamba ya kupima. Chuoni tulizikariri namba zake: uhakika wa asilimia 90 ni 1.645, wa 95 ni 1.96, wa 99 ni 2.576. Kwenye mtihani mtawanyiko unapewa, kosa unapewa, na kiwango cha uhakika unapewa. Kule Mbozi hakuna aliyenipa hata kimoja.

Kazi ilikuwa ya vyama vya ushirika vya wakulima vilivyoungana kuuza mahindi kwa pamoja. Wanachama wao walikuwa wamelima ekari kama 9,000. Mnunuzi alitaka mkataba kabla ya mavuno kuingia ghalani, kwa hiyo viongozi walihitaji kujua kila ekari itatoa kilo ngapi, watoe chakula cha nyumbani, kisha waahidi kilichobaki. Mimi na wadadisi kumi na wawili tulitakiwa kulipata jibu hilo tukiwa na mizani, kamba, vigingi na kipima unyevu.

Kupima mavuno kwa njia hii ni kazi ya mikono. Unaingia shambani na namba mbili kutoka kwenye jedwali la namba nasibu, yaani namba zisizofuata mpangilio wowote, unahesabu hatua kwa urefu na kwa upana, na pale mguu unapotua unachomeka kigingi. Kutoka hapo unapima mraba wa mita 5 kwa 5, na unapima ulalo wake uwe mita 7.07, la sivyo mraba umepinda. Unavuna kila hindi lililomo, unapukuchua, unapima uzito, unapima unyevu. Mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 hayawezi kuhesabiwa sawa na yaliyokauka hadi 13.5, kila kilo unaizidisha kwa 0.925, maana tofauti iliyobaki ni maji. Mwisho unazidisha kwa 162, kwa sababu ekari moja ina miraba ya namna hiyo 162 hivi.

Hiyo 162 ilipaswa kunitisha mapema. Gramu 100 ukikosea kwenye mizani, kwenye ekari umekosea kilo 16.

Tulianza na mashamba 15 ya majaribio ili nijue mtawanyiko. Nilipata kama kilo 400 kwa ekari. Watu wa ofisini waliona ni kubwa mno, lakini ukitembea Mbozi mwezi wa sita unaelewa. Huyu alipanda Novemba na akaweka mbolea mara mbili, jirani yake alingoja mbegu hadi Krismasi. Wote ni wakulima wa mahindi, na mmoja atavuna gunia tano, mwingine kumi na nne.

Kwa hayo mashamba 15 peke yake ningeweza tayari kutoa wastani, ila wenye kosa la kilo 222 kila upande. Nililipata kwa kutumia 2.145 badala ya 1.96. Sampuli ikiwa ndogo, hata ule mtawanyiko wenyewe huujui vizuri, na lazima ulipie ujinga huo. Aliyetufundisha hivyo ni William Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, ambaye mwaka 1908 alichapisha makala yake kwa jina la Student. Napenda kukumbuka kwamba hesabu hiyo ilitokana na kazi ya nafaka, ya mtu ambaye hakuwa na uwezo wa kupima mara elfu.

Sasa likaja suala la kuchagua. Mratibu wetu alisema, "Dada, mimi nataka asilimia 99. Hawa ni wakulima, tusiwachezee." Nilimheshimu kwa hilo, na bado namheshimu. Nikakaa na kalamu. Kwa kosa la kilo 50, asilimia 90 ilihitaji mashamba 174, asilimia 95 ilihitaji 246, na asilimia 99 ilihitaji 425. Timu ya watu wawili ilikuwa inamaliza mashamba manne kwa siku ikijitahidi. Timu sita kwa mashamba 246 ni siku kumi na moja. Kwa 425 ni siku kumi na nane.

Mahindi hayangoji siku kumi na nane. Yakishakauka mwenye shamba anayaondoa, kwa sababu ya wezi, kwa sababu ya mchwa, kwa sababu ng'ombe wanakuja kula mabua. Wiki ya tatu tungekuta mashamba yaliyobaki ni ya waliochelewa kupanda na ya wagonjwa, na wastani wetu ungekuwa wa hao. Namba 2.576 ingebaki kwenye ripoti ikionekana imara, huku data yenyewe imeoza. Nikamweleza mratibu, akakubali asilimia 95.

Kosa la kilo 50 je, lilitoka wapi? Niliichagua mimi kwa sababu ni namba nzima na ilinipa idadi tuliyoiweza. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilichagua asilimia 95 kwa sababu ndiyo kila mtu anachagua, na kilo 50 kwa sababu zilinifaa. Naandika haya hasa kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi hii, kwa sababu najua wengi wanafanya hivyohivyo leo.

Tukapunguza kidogo, tukaenda na mashamba 240: vijiji 24, kila kijiji mashamba kumi. Dereva alifurahi, maana gari likifika kijijini linapaki siku nzima. Wadadisi walifurahi pia.

Kuna siku nilikuwa na timu moja kwenye shamba la mzee mmoja. Tulimwamkia, akatukaribisha vizuri, akatuletea viti kabisa. Tulipohesabu hatua, kigingi kilitua kwenye bonde dogo ambalo panya walikuwa wamelichezea tangu mbegu. Mahindi yalikuwa mafupi, mengine hayana punje. Mzee akashika kamba.

"Binti, hapa hapana. Hapa panya wameniharibia. Njoo huku juu uone mahindi."

"Mzee wangu, namba ndiyo iliyotuleta hapa. Tukihama, tutakuwa tunapima unachotaka kutuonyesha."

"Sasa mkiandika hapa, si mtasema mimi sijui kulima?"

Hakukubali, na nilikuwa na mashamba mengine matatu siku ile. Nikasema sawa, tukahamia juu. Nilijiambia ni shamba moja kati ya 240. Lakini mdadisi kijana niliyekuwa naye aliona msimamizi wake akihamisha kigingi, na sina njia ya kujua baada ya hapo alihamisha vingapi.

Ripoti ikatoka: wastani kilo 930 kwa ekari, kosa kilo 50 kila upande, uhakika asilimia 95. Viongozi wakachukua ukingo wa chini, 880, wakazidisha, wakatoa chakula, wakasaini. Walikuwa waangalifu kuliko wengi ninaowajua.

Maghala yalipofungwa, mzigo ulipungua kwa zaidi ya tani 500. Kwa semi ya tani 30 hayo ni malori kumi na saba, na mkataba ulikuwa na adhabu. Wakulima walilazimika kununua mahindi sokoni kwa bei ya juu kuliko waliyouzia ili watimize ahadi yao. Nilihudhuria kikao kile. Hakuna aliyenitukana, na mama mmoja mjumbe wa bodi alinimiminia chai kama kawaida, jambo lililonichoma kuliko matusi.

Kulikuwa na maelezo mepesi: wanachama waliuza pembeni. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani. Lakini nilirudi kwenye madaftari yangu na kukaa nayo karibu mwezi mzima, na nikakuta makosa mawili yaliyokuwa yangu.

La kwanza ni lile la vijiji. Kanuni niliyoikariri inadhani kila shamba limechaguliwa peke yake, mbali na mengine. Mashamba kumi ya kijiji kimoja hayako hivyo. Yamenyeshewa mvua ileile, mbegu imetoka duka lilelile, afisa ugani ni mmoja, na viwavijeshi wakishuka wanashukia wote. Ukishapima manne, la tano halikuambii mengi mapya. Wanatakwimu wana namba ya kupima mfanano huo wa majirani: ikiwa sifuri, jirani hafanani na jirani kuliko mtu wa mbali, ikiwa moja, kijiji kizima ni shamba moja. Ya kwetu ilikuwa kama 0.2, nami nikaiona ndogo. Kisha nikaiweka kwenye hesabu yake: toa moja kwenye idadi ya mashamba ya kila kijiji, zidisha kwa mfanano, ongeza moja. Tisa mara 0.2, ongeza moja: 2.8. Mashamba yangu 240 yagawanywe kwa 2.8, yanabaki 86.

Nilikuwa nimetembea kwenye mashamba 240 na kupata habari za mashamba 86. Kosa la kweli halikuwa kilo 50, lilikuwa kilo 85 kila upande. Dhidi ya ekari 9,000, tofauti kati ya kosa nililoandika na kosa la kweli ni tani 315.

La pili lilikuwa kwenye kamba. Kwa nafasi za kawaida za upandaji, mraba wa mita 5 kwa 5 unabeba mashina kama 110, na kila shina lilikuwa likitoa wastani wa gramu 50 hivi. Mashina yanayosimama juu ya kamba yenyewe, je, yamo au hayamo? Mdadisi mwenye huruma huyaingiza. Akiingiza matano tu yasiyostahili, ni gramu 250, yaani kilo 40 kwa ekari. Ugomvi huu ni wa zamani. Kule India miaka ya 1940, wanatakwimu Mahalanobis na Sukhatme walibishana vikali juu ya ukubwa wa mraba wa kuvunia, na Sukhatme alionyesha kwamba miraba midogo hukuza makadirio ya mavuno kwa sababu ya mashina ya mpakani. Nilikuwa nimelisoma hilo darasani, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama nzuri, kisha nikaenda shambani nikalisahau.

Na kosa hili la pili ndilo linaloniogopesha zaidi hadi leo. Lile la kwanza linapungua ukiongeza vijiji. Hili halipungui kwa chochote. Ungepima mashamba elfu kumi kwa kamba ileile na huruma ileile, ungepata wastani uliozidi kwa kilo 40, ukiwa na kosa dogo sana lililoandikwa pembeni, na uhakika wa asilimia 99 kama alivyotaka mratibu.

Nilidhani hawataniita tena. Waliniita.

Safari hii, kabla ya kufungua kompyuta, niliomba kikao na bodi. Niliwaambia kwamba mwaka uliopita nilichagua mwenyewe ukubwa wa kosa, na haikuwa haki yangu kuchagua. Nikauliza: mkataba ukipungua, mnaweza kufidia malori mangapi bila chama kuyumba?

Nilipouliza kwa kilo kwa ekari walinyamaza. Nilipouliza kwa malori kila mtu alikuwa na la kusema. Mhazini alisema matano. Mwenyekiti alisema kumi. Nikawafanyia hesabu pale pale ubaoni: malori kumi ni tani 300, ambazo kwa ekari 9,000 ni kilo 33. Kwa kosa dogo hivyo tungehitaji mashamba zaidi ya mia sita, na hatukuwa na siku wala mafuta ya kutosha. Ukitaka kosa lipungue nusu, mashamba yanaongezeka mara nne. Hapo hakuna ujanja. Wakajadiliana wao kwa wao, sauti zikapanda, mwisho wakafika kwenye malori ishirini, kwa sharti kwamba watatenga akiba ya fedha ya kuyafidia. Tani 600, kilo 67 kwa ekari.

Kisha nikawauliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mwaka wa kwanza. Mavuno yakizidi makadirio, mnapata hasara? Mwenyekiti alishangaa swali lenyewe. "Yakizidi tunauza sokoni, mwanangu. Hasara iko wapi?"

Basi hatari yao ilikuwa upande mmoja tu. Zile 95 nilizozoea zinagawanya wasiwasi wa asilimia 5 sehemu mbili, nusu kwa kukadiria juu mno na nusu kwa kukadiria chini mno. Mkulima huyu hahitaji kulipia ile nusu ya pili. Ukiweka wasiwasi wote kwenye ukingo wa chini, uhakika unabaki asilimia 95 lakini namba inashuka kutoka 1.96 hadi 1.645. Kwa hiyo: 1.645 mara 400, gawanya kwa 67, zidisha kwa lenyewe, ni karibu mashamba 97. Nikaamua kila kijiji tupime manne badala ya kumi, ili mfanano wa majirani utugharimu 1.6 na siyo 2.8. Mashamba 97 mara 1.6 ni kama 155. Tukakamilisha 160, vijiji 40.

Mashamba 80 pungufu ya mwaka wa kwanza, na makadirio yaliyokuwa imara zaidi. Nilirudia hesabu hiyo mara tatu usiku ule, nikiogopa kwamba najidanganya.

Dereva hakufurahi. Vijiji 40 ni barabara nyingi, na nyingine za Mbozi siku ya mvua ni za kumwombea dereva. Lakini fedha tulizookoa kwenye mashamba 80 zilitosha mafuta, na zikabaki za siku mbili za kuwafundisha wadadisi jambo moja tu: shina ambalo kitako chake kiko ndani ya kamba limo, ambalo kitako kiko nje halimo, na lililo juu ya kamba kabisa unalihesabu moja, unaliacha linalofuata. Nilipita mwenyewe nyuma ya kila timu na kupima upya shamba moja kati ya kumi. Na kigingi hakikuhamishwa. Mwenye shamba akikataa, tuliandika kwamba amekataa.

Wastani ulikuja kilo 905. Ukingo wa chini, 839. Niliusoma mbele ya wanachama kwenye uwanja wa ghala, nikaeleza kwa Kiswahili chepesi kadiri nilivyoweza: kama tungeifanya kazi hii mara mia kwa mashamba mengine ya bahati nasibu, mara kama 95 ukingo ambao tungeupata ungekuwa chini ya wastani wa kweli, na mara tano tungeahidi zaidi ya kilichopo. Jerzy Neyman, Mpolandi aliyeliweka wazo hili sawa mwaka 1937, alilieleza hivyo pia: uhakika ni wa njia unayotumia, siyo wa namba moja iliyotoka leo.

Mzee wa bonde la panya alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akanyoosha mkono.

"Binti, hiyo 905 ndiyo nitakayovuna mimi?"

"Hapana, mzee. Hiyo ni ya wote kwa pamoja. La kwako linaweza kuwa 500, linaweza kuwa 1,300, na bado wastani ukawa sahihi."

"Na langu safari hii hamkulipima."

"Halikutoka kwenye namba."

Alikaa kimya kidogo. "Basi njoo kesho ulipime. Bado nimeliacha limesimama."

Nilikwenda asubuhi na kamba, vigingi na mizani, peke yangu, maana kazi ilikuwa imeisha na kipimo hicho hakikuwa kinakwenda popote kwenye ripoti. Nilimpa yeye jedwali la namba nasibu achague kwa kufumba macho. Tuliweka mraba mara tatu: kilo 3.1, kilo 6.4, kilo 4.9. Nikamwandikia kwenye daftari la shule la mjukuu wake: wastani 4.8, sawa na kilo 778 kwa ekari, lakini kwa vipimo vitatu tu asikiamini sana.

Aliisoma karatasi kwa muda. Kisha akaweka kidole kwenye 3.1, akatazama lile bonde, akasema wapi kigingi kilikuwa kimetua mwaka uliopita kabla hajashika kamba. Tukaenda pamoja kuangalia mashimo ya panya.